Tuanzie wapi na BDD? Orodha ya wanaosubiri kwanza, nenosiri baadaye

Swali la msomaji: Habari za kazi, mtaalamu. Tuko wanne: wanaprogramu watatu na mpimaji mmoja. Tunatengeneza mfumo wa miadi ya kliniki. Mgonjwa anaweka miadi, anaahirisha au anafuta, na nafasi zikijaa kuna orodha ya wanaosubiri. Tumeamua kufuata BDD, ule utengenezaji wa programu unaoongozwa na tabia. Tumesakinisha Cucumber, zana inayoendesha senario kama majaribio, tumeandika senario 11 (mifano ya tabia kwa sentensi za kawaida) za kuingia kwa nenosiri, zote zinapita, na sasa tumekwama. Mwenzetu mmoja anataka tuendelee skrini moja baada ya nyingine. Wa pili anasema tujenge kwanza majedwali ya hifadhidata. Mpimaji anapendekeza tuandike senario za mfumo mzima ndipo tuguse kodi, yaani maandishi ya programu yenyewe. Tena kuna kodi ya zamani tuliyorithi, haina jaribio hata moja. Tuanzie wapi?

Jibu: Ndugu yangu, anzieni kwenye orodha ya wanaosubiri. Wekeni kando kwa muda nenosiri, majedwali, na hata Cucumber yenyewe. Chukueni tabia moja tu: mgonjwa akifuta miadi yake, nafasi aliyoiacha inamfikia aliyekuwa akisubiri. Mwombeni mhudumu wa mapokezi wa kliniki hiyo akae nanyi nusu saa, awasimulie mara ya mwisho jambo hilo lilipotokea. Mkitoka hapo mtakuwa mmeshaanza.

Orodha hiyo nimeichagua kwa kusoma swali lako tu. Umetaja mambo manne ambayo mfumo unafanya. Kuweka, kuahirisha na kufuta yamo katika kila mfumo wa miadi, na yeyote kati yenu angeweza kuyaeleza bila kumuuliza mtu. La nne ukaligusa mwishoni, na hukusema linavyofanya kazi: nani anafuata, anajuaje kuwa nafasi imepatikana, na itakuwaje asipojibu. Nashuku hukusema kwa sababu bado hamjui. Na kliniki yenyewe, kwa kila hali, inaliona kila siku: daktari yupo, kiti kitupu, na nje kuna mtu anayeihitaji nafasi ile ambaye hana habari. Ninapochagua pa kuanzia huwa najiuliza mambo mawili hayo. Jambo hili likikosekana, nani ataumia? Na sisi tunalielewa kwa kiasi gani? Linaloumiza wengi nasi tukalielewa kidogo ndilo la kwanza.

Kuhusu nenosiri, naelewa mlivyofika hapo. Ni skrini ya kwanza anayokutana nayo mtumiaji, mafunzo mengi ya mtandaoni hutumia mfano huo huo, na kila mtu anajua inavyopaswa kuwa. Ugumu uko hapo hapo. Senario 11 zimepita, lakini hamjajua juu ya kliniki chochote ambacho hamkukijua kabla. Mhudumu wa mapokezi hana la kuongeza kwenye senario ya nenosiri, kwa hiyo hamkumwita, na asipokuwepo mtu wa aina yake BDD inabaki kuwa majaribio ya kawaida yaliyoandikwa kwa sentensi ndefu.

Yalinikuta hayo. Niliwahi kuwa katika timu iliyotengeneza mfumo wa kufuatilia mizigo, na majuma yote ya mwanzo tukayatumia kwenye usajili wa watumiaji: kufungua akaunti, kubadili nenosiri, kurejesha nenosiri lililosahaulika. Siku ya kumwonyesha mteja alitazama hadi mwisho, akauliza swali moja: “Na mizigo?” Hatukuwa na kitu. Tulipoanza hatimaye kuzungumza habari za mizigo, tukaambiwa mzigo mmoja unaweza kuwa na wenyewe wawili, kila mmoja na haki zake za kuuona. Akaunti tulizozijenga zilidhani mzigo una mwenyewe mmoja. Tukaubomoa ule ule usajili tulioutangulizia. Tangu siku hiyo sianzi na mlango wa kuingilia. Kwenye senario naandika tu kwamba mtumiaji ameshaingia, halafu naendelea na kilichomleta.

Ujue pia kwamba swali lako ndilo lililoizaa BDD. Dan North alikuwa akiwafundisha wanaprogramu kuandika jaribio kabla ya kodi, na kila alikokwenda walimuuliza yale yale: waanzie wapi, wapime nini na waache nini, wapime kiasi gani kwa mkupuo mmoja, majaribio wayape majina gani, na watajuaje kwa nini jaribio limeanguka. Mwishoni mwa 2003 alianza kuandika JBehave, zana ambayo ndani yake neno “jaribio” liliondolewa, msamiati wote ukasimama juu ya “tabia”. Katika makala yake ya 2006 alieleza jinsi badiliko hilo la neno lilivyoyafungua maswali yale. Ukiambiwa uandike jaribio, macho yanatafuta kitu kilichopo ukipime. Ukiambiwa ueleze tabia, unafikiria kitu ambacho mfumo unapaswa kukifanya, hata kama bado haupo. Kwa swali la pa kuanzia alitoa kipimo ambacho nakitumia hadi leo: ni jambo gani la maana zaidi ambalo mfumo huu bado haulifanyi? Mkilijibu, mnalifanya. Likiisha mnauliza tena, na safari ya pili jibu huwa tofauti kwa sababu mmeshajifunza kitu.

Mwishoni mwa 2004 North alikuwa akimweleza msamiati huo Chris Matts, mchambuzi wa mahitaji, na Matts akaona kuwa ni ile ile kazi ya uchambuzi anayoifanya yeye. Wakatengeneza pamoja umbo lenye sehemu tatu ambalo nyinyi mmelikuta ndani ya Cucumber: hali iliyopo, tukio linalotokea, na matokeo. Kwa Kiswahili mimi huandika Ikiwa, Pindi, na Basi. Nakukumbusha asili yake kwa sababu moja. Umbo lile lilitengenezwa ili mchambuzi na mwanaprogramu wazungumze kitu kimoja, miaka kadhaa kabla Aslak Hellesøy hajaianzisha Cucumber mwaka 2008.

Sasa tuingie kwenye hiyo nusu saa. Tumieni kadi, kwa utaratibu aliouchapisha Matt Wynne, mtaalamu wa BDD, mwaka 2015. Kadi ya manjano inabeba kazi yenyewe, “Nafasi iliyofutwa inamfikia anayesubiri”. Kadi za buluu ni kanuni, za kijani ni mifano, nyekundu ni maswali ambayo hakuna aliyepo chumbani mwenye jibu lake. Yeye hupendekeza kama dakika 25 kwa kazi moja, na nimeona zinatosha. Zikiisha na meza imejaa nyekundu, kazi haijaiva, kaulizeni kwanza. Ikijaa buluu, kazi ni kubwa mno, ikateni.

Msimwulize mhudumu “mfumo ufanyeje?” Swali hilo humfanya akisie, aanze kueleza vitufe. Mwulizeni ilivyotokea. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

— Mara ya mwisho mgonjwa kufuta miadi, ilikuwaje?

— Juzi. Alipiga simu saa 1 asubuhi, miadi yake ilikuwa ya saa 3. Nikafungua daftari nikampigia wa kwanza kwenye orodha. Hakupokea. Nikampigia wa pili, akaja.

— Yule wa kwanza akapoteza zamu?

— Hapana, anabaki wa kwanza. Mtu hapotezi zamu kwa kutopokea simu mara moja.

— Na wa kwanza ni yule aliyejiandikisha mapema kuliko wote?

— Aliyejiandikisha mapema kwa daktari yule yule. Anayemsubiri daktari mwingine simpigii.

— Ungemngoja yule wa kwanza kwa muda gani kabla ya kwenda kwa wa pili?

— Simu ikiita hadi mwisho, basi.

Tazama majibu hayo manne. Kila daktari ana foleni yake. Asiyejibu habanduki kwenye foleni. Hizo ni kanuni mbili, kadi mbili za buluu, na hakuna hata moja ambayo mngeibuni mezani kwenu. Jibu la mwisho nalo linazaa kadi nyekundu. Simu huita sekunde kadhaa ikakatika, lakini mfumo wenu pengine utatuma ujumbe, na ujumbe unaweza kukaa saa nzima bila kusomwa. Muda wa kungoja haukuwa swali kwa kliniki inayopiga simu. Mfumo ndio utakaoleta swali hilo, na mhudumu hawezi kulijibu peke yake, maana linahusu daktari atakaa na kiti kitupu kwa muda gani. Andikeni kwenye nyekundu, mumpe mtu mmoja akalitafutie jibu, muendelee.

Hapo ndipo penye thamani ya kazi hii yote. Liz Keogh, aliyefanya kazi ya BDD tangu siku zake za mwanzo, hupanga hivi: kuzungumza kuna uzito kuliko kuyaandika mazungumzo, na kuyaandika kuna uzito kuliko kuyafanya yajiendeshe kwa mashine. Timu nyingi ninazozisaidia zimeupindua mpangilio huo. Zinaanza na mashine, na zikichoka haziyafikii mazungumzo kamwe.

Baada ya kadi, andikeni senario moja. Nakisia kwamba kwa mtindo wa zile zenu za nenosiri mngeandika hivi:

> Ikiwa niko kwenye ukurasa wa miadi
> Pindi nikibofya kitufe cha “Futa”
> Na nikibofya “Ndiyo” kwenye kidirisha
> Basi naona ujumbe “Miadi imefutwa”

Msomaji wa maneno hayo hajui kliniki imefaidi nini. Skrini ikibadilishwa kesho, kidirisha kikaondolewa, senario inaanguka ilhali hakuna kilichoharibika. Jaribuni kuanza na mstari wa mwisho. Andikeni Basi kabla ya yote, mwulizane: kuna mtu wa kliniki ambaye hiki kikitokea atasema “naam, ndicho nilichotaka”? “Naona ujumbe” hakina mtu wa namna hiyo. “Juma, aliyekuwa akisubiri, anapata nafasi” anaye. Basi ikishasimama, rudini nyuma mtafute tukio lililoileta, halafu hali iliyolazimu iwepo. Kwa mwendo huo vitu visivyohusika havipati pa kuingilia.

> Senario: Nafasi iliyoachwa inakwenda kwa anayemsubiri daktari huyo huyo
> Ikiwa Asha ana miadi na Daktari Pendo Jumatatu saa 3 asubuhi
> Na Baraka anamsubiri Daktari Musa
> Na baada yake Juma, kisha Rehema, wanamsubiri Daktari Pendo
> Pindi Asha anapofuta miadi yake Jumatatu saa 1 asubuhi
> Basi Juma anapewa nafasi ya Jumatatu saa 3 asubuhi
> Na Baraka na Rehema wanaendelea kusubiri

Kila mtu aliyemo ana sababu ya kuwemo. Baraka alitangulia wote kujiandikisha lakini kwa daktari mwingine, kwa hiyo kodi inayopanga watu kwa tarehe pekee itamkosea Juma, na senario itaikamata. Rehema yuko ili tujue kwamba nafasi moja haigawiwi kwa wawili. Ungeongeza mtu wa tano angekuwa mapambo.

Kisha msomeeni mhudumu, kwa sauti, neno kwa neno. Msiruke hatua hii hata kama mna haraka. Nina hakika atawakatiza kwenye mstari wa tano: “Simpi nafasi. Namuuliza kama anaitaka.” Kitenzi kimoja tu, lakini kimegeuza muundo mzima. Kama Juma anapewa, nafasi ina hali mbili: iko wazi au imechukuliwa. Kama Juma anaulizwa, kuna hali ya tatu katikati: nafasi imeshikiliwa kwa ajili yake hadi ajibu, na katika muda huo asije mgonjwa mwingine akaichukua kwa kupitia skrini ya kawaida ya kuweka miadi. Hapo pia mnaona kwa nini ile kadi nyekundu ya muda wa kungoja ni nzito. Badilisheni mstari:

> Basi Juma anaulizwa kama anaitaka nafasi ya Jumatatu saa 3 asubuhi
> Na nafasi hiyo inashikiliwa kwa ajili yake

“Kushikilia” sasa ni neno la mradi. Liandikeni hivyo hivyo kwenye kodi, kwenye hifadhidata, kwenye mazungumzo yenu. Eric Evans, mwandishi wa kitabu Domain-Driven Design, alilisisitiza jambo hili tangu 2003, kwamba wataalamu wa shughuli na wanaprogramu watumie lugha moja hadi ndani ya kodi, na sijaona mahali ambapo limepuuzwa bila kuleta hasara. Mmoja akiita “kushikilia”, wa pili “kusubirisha”, wa tatu akaandika hali namba 2, baada ya miezi mitatu hakuna atakayejua kama wanazungumzia kitu kimoja.

Sasa ugomvi wa skrini na hifadhidata. Wenzako wawili wote wana hoja, ila kila mmoja anaanza kabla hajajua anachokijengea. Yule wa majedwali angeliweka jedwali la nafasi lenye alama ya ndiyo au hapana kwa kuwa wazi, na kufikia juma la pili jedwali hilo lingekuwa limepitwa na kitenzi cha mhudumu. Yule wa skrini angejenga kitufe cha kufuta kizuri kabisa ambacho nyuma yake hakuna kanuni yoyote. Ushauri wangu ni kuingilia hatua moja chini ya skrini. Hatua za senario ziite moja kwa moja sehemu ya kodi inayobeba kanuni za kliniki, bila kufungua kivinjari, na data ikae kwenye kumbukumbu tu kwa sasa. Majaribio yanayopita kwenye kivinjari ni ya polepole na huanguka kwa sababu ambazo hazihusiani na kanuni yenu. Mkiyafanya msingi, baada ya muda mtaacha kuyaendesha.

Mstari wa Pindi utawalazimisha kuandika mwito wa kwanza, mathalani `kliniki.futa(miadiYaAsha, sasa)`. Mwito huo haupo bado, hivyo senario inaanguka, na ni sawa ianguke. Angalieni hiyo `sasa`. Senario inasema Asha amefuta saa 1, kwa hiyo kodi haiwezi kwenda kuitazama saa ya kompyuta yenyewe. Muda unaletwa kutoka nje. Mkianza kwa kodi, saa huzama ndani kabisa, na siku ya kupima “Juma asipojibu kwa muda uliowekwa” mnajikuta mnaliambia jaribio lilale usingizi dakika nzima. Mkianza kwa tabia, saa inajitokeza mapema kama kitu cha kupewa, na jaribio la kungoja linakwisha papo hapo.

Kutoka hapo mnashuka. Ili `futa` ifanye kazi inahitaji kuuliza: nani anafuata kwa daktari huyu? Swali hilo linazaa kitu kipya, `OrodhaYaKusubiri`, chenye funksheni moja tu, ile iliyohitajika. Iandikieni majaribio yake madogo ya kawaida: orodha tupu, mtu mmoja, wawili wa madaktari tofauti. Yakipita, pandeni juu mwone senario imesogea wapi, mshuke tena. Kwa muda mrefu senario ya nje inabaki nyekundu, yaani haijapita, huku majaribio ya ndani yakigeuka kijani, yaani yakipita, moja moja. Msihangaike, wala msiizime ili ripoti ipendeze. Nyekundu ile ndiyo inayowaambia kazi haijaisha. Hifadhidata inakuja kanuni ikishasimama, na jedwali mtakalolijenga wakati huo litakuwa na safu ya kushikilia kwa sababu mmeshaihitaji. Mwisho kabisa wekeni senario moja, au mbili, zinazopita kuanzia skrini hadi hifadhidata kuthibitisha kwamba viungo vimeungana.

Kuna hali moja ningebadili ushauri huo. Kama wasiwasi wenu mkubwa uko kwenye kutuma ujumbe, yaani hamjui kama huduma mnayoitegemea itapokea majibu ya mgonjwa na kuyarudisha kwenye mfumo, basi uzi wa kwanza uvuteni mwembamba lakini mrefu: ujumbe mmoja utoke, jibu moja lirudi, kanuni ikiwa karibu haipo. Kipimo ni kile kile. Mnaanza pale ambapo kutojua kwenu kunaweza kuwaangusha.

Kwa mpimaji wenu nina heshima kubwa, kwa kuwa anataka kuona sehemu yote kabla ya kutembea. Lakini kuandika senario za mfumo mzima kwanza kutawapa faili refu la makisio. Kumbuka kwamba senario moja ilibadilika kwa kitenzi kimoja. Mngekuwa na 80 zilizojengwa juu ya “anapewa”, mngezirekebisha zote, au, kama ninavyoona mara nyingi, mngeziacha zilivyo kwa uchovu. Mwacheni aandike orodha ya vichwa vya tabia, mstari mmoja kila kimoja, hiyo inasaidia kupanga. Mifano ya ndani iandikwe siku chache kabla ya kazi kuanza. Na yeye mpimaji ndiye mtu wa kumweka karibu zaidi kwenye meza ya kadi, kwa sababu maswali kama “na wa kwanza akipoteza zamu?” huyauliza yeye kabla ya wanaprogramu kuyafikiria.

Kodi ya zamani msiivamie yote. Kuifunika nzima kwa senario ni kazi ya miezi isiyompa mgonjwa yeyote nafasi. Tabia mpya ya kufuta itaigusa mahali fulani, pengine pale inapohesabu nafasi za daktari. Hapo tu, kabla ya kubadili, andikeni majaribio machache yanayoshika inavyofanya sasa hivi, hata kama inachofanya ni cha ajabu, ili mjue mkikivunja. Yawekeni mbali na senario zenu. Senario zinasema kliniki inataka nini. Majaribio yale yanasema kodi ilikutwa ikifanya nini, na ukiyachanganya mtu atakuja kudhani hitilafu ya zamani ni kanuni. Hitilafu ikiripotiwa na mtu, hapo andikeni senario yake kabla ya kuitengeneza. Kwa njia hiyo kodi ya zamani inapata ulinzi pale inapoguswa, na isipoguswa inakaa kimya.

Cucumber irudisheni mkiihitaji. Kigezo changu ni chepesi: yupo mtu asiyeandika kodi atakayezisoma senario hizi? Kama mhudumu au msimamizi wa kliniki atazisoma, zana hiyo inastahili gharama yake, na maneno yake muhimu yanaweza kuandikwa kwa lugha nyingi duniani. Kama ni nyinyi wanne tu, majaribio ya kawaida yenye majina yaliyo wazi, kama `nafasi iliyoachwa inakwenda kwa anayemsubiri daktari huyo huyo`, yanafanya kazi ile ile bila tabaka la kutafsiri sentensi kuwa miito. Hellesøy mwenyewe aliandika mwaka 2014 kuwalalamikia wanaoichukulia Cucumber kama zana ya kupimia tu, akisema ni zana ya kushirikiana. Nyinyi mliisakinisha kabla ya kuwa na wa kushirikiana naye, na ndiyo maana imewakwamisha.

Lile faili la nenosiri msilifute. Chagueni senario moja kati ya zile 11, ile ya mtu kuingia akafika anakotaka, ibaki kama ukaguzi. Nyingine 10 zishusheni ziwe majaribio madogo ya kodi, ambako zitaendeshwa kwa sekunde. Siku itafika mtu wa kliniki atauliza kama mhudumu wa zamu ya usiku anaweza kuona orodha ya daktari asiye wake. Swali hilo lina mwenyewe, lina mifano, na pengine lina kadi nyekundu mbili tatu. Hapo mtarudi kwenye kuingia, na mtajua mnaandika nini.